Harusi i sebuleni, bibi yu gorofani: kurusha video ya HD chumba hadi chumba

Nilifika juu nikitweta. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, zimesimama kama za kupandia mnazi, nami nilikuwa na mkoba wa vyombo begani. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijautua mkoba akaninyoshea rimoti.

"Mwanangu, harusi yenyewe niliikosa kwa ajili ya miguu hii. Sasa na kanda nayo yanikimbia. Yaenda, yasimama. Yaenda, yasimama."

Harusi ilikuwa ya mjukuu wake. Video ya saa mbili, kuanzia singo, yaani kusingwa kwa bibi harusi, mpaka kupamba, imerekodiwa HD na imekaa kwenye kompyuta sebuleni. TV ya bibi iko gorofa ya pili. Wajukuu walikuwa wameshakata shauri kwamba kosa ni la intaneti, na mmoja alikuwa ameanza kuulizia bei ya kupandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 40.

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya majumbani, na hapo ndipo huwa nawashika watu mkono kabla hawajatoa pesa. Video iliyo ndani ya nyumba haipiti intaneti. Inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye ruta, inatoka kwenye ruta, inaingia kwenye TV. Basi. Chomoa waya wa faiba ukitaka, picha itaendelea, na hakuna bando litakaloliwa. Ungenunua hata megabiti 100, bibi angebaki vile vile na ile yaenda-yasimama yake. Na kinachonichekesha ni kwamba Mombasa ndipo zinapotua kebo za baharini: TEAMS ilitua hapa 2009 ikitoka Fujairah, SEACOM mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Data yavuka bahari bila kujikwaa, ikifika Mji wa Kale yashindwa na ukuta wa chumba cha bibi.

Kabla ya kugusa waya wowote mimi hupiga hesabu moja. Faili la harusi lilikuwa gigabaiti 22. Zidisha kwa 8 upate gigabiti, maana faili hupimwa kwa baiti na mtandao hupimwa kwa biti, na kuchanganya hivi viwili kumewapotezea watu wengi pesa. Unapata gigabiti 176, yaani megabiti 176,000. Saa mbili ni sekunde 7,200. Gawanya: karibu megabiti 24 na nusu kila sekunde. Hiyo ndiyo njia ambayo video inataka ifunguliwe muda wote, na ni wastani tu. Bibi harusi akiwa ameketi kimya, faili linapumzika. Ngoma ikikolea, watu hamsini wanazunguka na kila gauni lina vimetameta, linadai zaidi. Kwa hiyo huzidisha wastani mara mbili, nikatafuta njia ya megabiti 50.

Nikafungua iperf3 kwenye kompyuta ya chini na kwenye laptopu yangu pale kitandani kwa bibi. Ni programu ya bure inayopima mwendo baina ya vifaa viwili vya nyumba moja, bila kwenda nje. Waifai ya gigahezi 2.4 ilinipa megabiti 11. Ile ya gigahezi 5 haikuonekana kabisa. Sebuleni, hatua nne kutoka kwenye ruta, gigahezi 5 ilikuwa ikinipa 180.

"Lakini YouTube yaenda," mjukuu akaniambia, tena kwa sauti ya mtu aliyenikamata. Ni swali zuri, na kila nyumba naulizwa. YouTube inakupima. Ikiona njia ni nyembamba inakuletea nakala nyepesi, na ikizidi kubanwa inashusha tena, wewe waona picha imefifia kidogo halafu wasahau. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 5 kwa HD ya 1080. Faili la harusi halina nakala nyepesi. TV inaliomba kama lilivyo, kompyuta inalitoa kama lilivyo, na likikuta mlango wa 11 wakati lenyewe ni 24, bafa, ile akiba ya video inayowekwa mbele, inakauka na picha inasimama mpaka ijae tena. Ndiyo hiyo yaenda, yasimama.

Sasa ukuta. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene, unaweza kuweka kasha la nguo dirishani na kizingiti kisijae. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linafyonza unyevu wa bahari, na maji ni adui wa mawimbi ya redio. Dari nayo ni boriti za mikoko zilizoshindiliwa mawe na chokaa juu yake. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti zina urefu wake, kwa hiyo kutoka sebuleni hadi kwa bibi unavuka kuta nyingi ndani ya hatua chache. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyochoka upesi ukutani. Ndiyo maana gigahezi 5, yenye mbio, ilifia njiani, na 2.4 ikafika ikichechemea. Nyumba mpya za Nyali au Bamburi zina ugonjwa mwingine, slabu zenye nondo, lakini matokeo ni yale yale.

Wengi hapa hununua ripita. Nami niliwahi kumfungia mteja ripita nikaondoka kifua mbele, kisha nikaitwa tena baada ya siku mbili kuirudisha pesa yake, na nilistahili. Ripita ya kawaida inasikiliza na kusema kwa redio ile ile, kama mtu anayerudia kila sentensi anayoambiwa, hivyo nusu ya mwendo inapotea pale pale. Isitoshe, ukiitundika mahali ambapo waifai imeshakufa, itakuwa ikirudia mnong'ono. Mistari ya waifai hujaa, TV inafurahi, video inakwama. Zipo pia zile adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme. Nimeziona zikifanya kazi vizuri katika nyumba mpya. Nyumba ya urithi yenye mita tatu za umeme na nyaya za enzi tofauti, sizithubutu.

Kuna atakayeuliza: si uchukue tu diski uichomeke nyuma ya TV? Kama ni video moja na mtu wa kuichomeka yupo, fanya hivyo, huhitaji fundi. Angalia tu kwamba flashi iliyofomatiwa FAT32 haibebi faili linalozidi gigabaiti 4, na TV nyingi za zamani hazisomi exFAT, fomati inayobeba makubwa zaidi. Hapa walitaka TV mbili, na bibi hawezi kuinama nyuma ya kabati. Waya mrefu wa HDMI nao niliukataa. Ukipita kama mita 15, ule wa kawaida huanza kupoteza picha, na sisi tulihitaji zaidi ya ishirini.

Njia ya mkato niliijaribu kweli: kulipunguza faili lenyewe. Nikalipitisha kwenye HandBrake, programu ya kubana na kugeuza video, megabiti 6, nikampandishia bibi kipande cha singo. Kikaenda bila kusimama hata mara moja. Nikamtazama nikingoja shukrani.

"Maandishi ya leso siyaoni," akasema.

Na alikuwa na haki. Picha ya 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na zikija mara 50 kwa sekunde bila kubanwa ni zaidi ya megabiti 1,200. Kuifikisha 24 tayari ni kuibana mara hamsini. Kinachofanya kazi hiyo ni kodeki: inaangalia kisichobadilika baina ya picha moja na inayofuata, inakiandika mara moja, kisha inaandika tofauti tu. Mtu anayesoma habari studioni hubanika kirahisi, kwa kuwa ni midomo tu inayocheza. Wanawake wanaocheza na leso zao, kila mmoja akiyumba upande wake, hakuna kisichobadilika. Ukiinyima biti, kodeki inaanza kutupa vitu vidogo, na cha kwanza kutupwa ni herufi zilizo kwenye pindo la leso. Kwa bibi, singo bila majina ya leso ni nusu ya singo.

Basi ikabaki waya, ambao kwa kweli ndio ningeuchagua tangu mwanzo.

Ukuta wa matumbawe sipendi kuutoboa. Unaanza na tundu la kidole unamaliza na la ngumi, vumbi la chokaa nyumba nzima, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kuning'iniza kila kitu mbele ya nyumba. Kwa hiyo hutafuta tundu lililokwisha kutobolewa. Nyuma ya kabati la bibi palikuwa na waya mweusi wa antena uliotoka juu ukashuka kwa ndani hadi sebuleni, haujatumika tangu mitambo ya analogi ilipozimwa 2015. Nikaufunga waya mpya kwenye ncha yake kwa tepu, nikaizungusha tepu ikawa nyembamba kama mkia wa panya, mjukuu akavuta kutoka chini polepole nami nikisukuma kutoka juu. Dakika ishirini. Waya wa antena ulitoka na chokaa, buibui, na ganda la pipi.

Kuhusu waya wenyewe: nunua waya wa mtandao wa Cat6, wa shaba tupu. Madukani kuna zile za alumini iliyopakwa shaba kwa bei inayovutia, na hewa yetu ya chumvi inazila mapema. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, mrudishie mwenyewe. Vichwa nilivibana kwa mpangilio wa kawaida: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifanane. Juu nikaweka swichi ndogo ya mtandao, ya kuugawa waya mmoja uwe matundu kadhaa. Tundu moja likaenda kwa TV, jingine kwa ruta ya zamani niliyoigeuza kituo cha waifai kwa ajili ya simu za wajukuu. Ukifanya hivi, izime DHCP kwenye ruta ya pili, la sivyo ruta mbili zitagombania kugawa anwani na TV haitaiona kompyuta.

iperf3 ikanipa megabiti 94. Si kosa la waya; laptopu niliichomeka kwenye swichi ya bei nafuu isiyozidi 100, na TV nyingi hata za leo zina tundu la kiwango hicho hicho. Kwa video inayotaka 24 na kupandapanda, 94 ni uwanja.

Kwenye kompyuta ya sebuleni nikaweka Jellyfin, programu ya bure ya kurusha video ndani ya nyumba, iliyotengana na programu nyingine, Emby, mwishoni mwa 2018. Inapanga video kwa picha na inazungumza na TV kwa DLNA, ule utaratibu ulioanzishwa na Sony, Intel na wenzao 2003, ambao TV ya bibi iliyoletwa na mwanawe kutoka Dubai iliufahamu. Harusi ikafunguka. Vipande vya simu vya wajukuu havikufunguka: sauti ipo, picha nyeusi. Simu zilikuwa zimerekodi kwa H.265, kiwango cha kodeki kilichopitishwa 2013, na TV ile inajua H.264 tu, ile ya kabla yake. Jellyfin inaweza kutafsiri papo kwa papo, lakini kompyuta ile kuukuu ilipumua kama jiko la mkaa na picha ikakwama upya. Sikuhangaika nayo. Nikaviacha vipande vyote kwenye HandBrake vigeuzwe H.264 usiku, mara moja, na asubuhi vilikuwa tayari. Kompyuta nikaizuia isilale yenyewe, maana ikilala na video inalala.

Mama wa bibi harusi aliniuliza jambo moja tu, akiwa amesimama mlangoni. Je, hii yaweza kuonekana nje? Ndiyo sababu hawakutaka kuiweka YouTube hata kwa kiungo cha siri: harusi nyingi za kwetu simu huwekwa kando mlangoni, mabinti wamevua mabuibui, na kiungo ni kama siri ya watu watatu. Nikamwonyesha. Sikufungua mlango wowote wa ruta kuelekea nje, nikaweka nywila kwenye Jellyfin, nikazima DLNA isipokuwa kwa mtandao wa ndani. Kisha nikachomoa faiba mbele yake. Harusi ikaendelea kucheza.

Juu, bibi alikuwa ameshafika kwenye singo. Wanawake wote wamejifunga sare, isipokuwa mama mmoja aliyekuja na leso yake mwenyewe.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akavaa miwani, akasogea ukingoni mwa kitanda, akaisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Kisha akajipiga paja.

"Ehee! Nilijua tu. Hiyo aliivaa kwa ajili yangu, akijua nitaletewa kanda." Akanirudishia rimoti. "Hebu rudisha nyuma kidogo, nione nani alikuwa akicheka naye."