Peptidi za Ubongo: Maana Yake, na Uzito wa Ushahidi kuhusu Umakini, Kumbukumbu na Msongo

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani zile molekuli ndogo ambazo mwili huzitumia kujenga protini. Ukiunganisha asidi amino mbili, tano au thelathini moja baada ya nyingine, kama mtu anavyotunga shanga, umepata peptidi. Ukiendelea kutunga hadi zikafika mamia, na uzi huo ukajikunja ukapata umbo lake maalumu, wanakemia huacha jina la peptidi na kuiita protini, ingawa mpaka baina ya majina hayo ni wa mazoea zaidi kuliko wa kanuni. Neno lenyewe lilianza kutumiwa na mkemia Mjerumani Emil Fischer mwanzoni mwa karne ya 20, na mzizi wake ni neno la Kigiriki linalohusu kumeng'enywa kwa chakula. Insulini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaifahamu kwa sindano yake, ni peptidi ya asidi amino 51. Oksitosini, inayokaza mji wa mimba wakati wa uchungu, ina 9 tu. Kwa hiyo jina hili linatueleza jinsi kitu kilivyoundwa, wala halituelezi kinafanya kazi gani wala kama ni salama.

Peptidi zinahusishwa na akili kwa sababu ubongo wenyewe huzitumia kupeleka habari. Mtu anaposhtuka, haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, hutoa peptidi ya asidi amino 41 inayoiamuru tezi ya pituitari iliyo karibu nayo, nayo pituitari humwaga katika damu peptidi nyingine, ACTH, yenye asidi amino 39, ambayo husafiri hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo na kuzifanya zitoe kotisoli, homoni ya msongo. Mlolongo mzima wa msongo, tangu hofu inapoingia hadi moyo kwenda mbio, una hatua zinazopitia mikononi mwa peptidi. Ndipo watafiti walipojiuliza kama molekuli hizo zinaacha alama katika kujifunza na kukumbuka pia.

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka Uholanzi. Kuanzia miaka ya 1960, David de Wied na wenzake wa Utrecht waliwafundisha panya wa maabara kuhama upande mmoja wa kisanduku kila waliposikia ishara, kabla ya umeme mdogo kupita sakafuni. Panya mzima hujifunza jambo hilo upesi. Panya aliyeondolewa sehemu ya mbele ya pituitari alisikia ishara ile ile na kubaki pale pale, lakini alipodungwa ACTH uwezo wa kujifunza ulimrudia. Kilichostaajabisha zaidi ni kwamba haikuhitajika ACTH yote: kipande kidogo cha asidi amino saba, kuanzia ya 4 hadi ya 10, kilitosha, ilhali kipande hicho hakina nguvu ya kuziamsha tezi za juu ya figo. Molekuli moja, basi, ilikuwa imebeba ujumbe wa aina mbili, mmoja kwa tezi na mwingine kwa ubongo. Kipande hicho kilipojaribiwa kwa watu katika miaka ya 1970, dalili zilizoonekana zilielekea zaidi kwenye umakini, yaani kudumu na kazi moja bila kuchoka, kuliko kwenye kumbukumbu yenyewe. Tofauti hii husahaulika mno, nayo ni kubwa: mwanafunzi aliyekaa macho juu ya kitabu chake si lazima awe amekihifadhi alichokisoma.

Tatizo la kipande hicho lilikuwa uhai wake mfupi. Vimeng'enya vya damu, yaani protini zinazovunja molekuli nyingine, humkata mjumbe wa namna hii ndani ya dakika chache. Wanasayansi wa Moscow walilishughulikia tatizo hilo katika miaka ya 1980 kwa kuchukua asidi amino nne za kipande cha ACTH na kuzifungia mkia wa nyingine tatu, prolini, glisini na prolini, ambao vimeng'enya huuvunja kwa shida. Hiyo ndiyo Semax. Kwa mkia ule ule walitengeneza Selank, safari hii kutoka kwa tuftsini, peptidi ya asidi amino nne inayotokana na kingamwili na iliyopewa jina la Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani ilikogunduliwa. Zote mbili hutiwa puani kwa matone, kwa kuwa zikimezwa tumbo litazimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Nchini Urusi Semax ni dawa halali, hutumiwa hasa kwa wagonjwa wa kiharusi, na Selank hutolewa kwa watu wenye wasiwasi uliopita kiasi.

Katika ubongo wa panya, Semax huongeza protini iitwayo BDNF, ambayo huzisaidia seli za neva kuishi na kuunganika, na ongezeko hilo limeonekana katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu mpya. Hilo ni jambo la kweli na la kupendeza kisayansi. Hata hivyo, kutoka kwenye hipokampasi ya panya hadi kwenye mtihani wa mtu mzima mwenye afya pana safari ndefu, na sehemu kubwa ya safari hiyo haijatembewa: majaribio mengi kwa binadamu yamefanyika Urusi, kwa watu wachache, mara nyingi wakiwa wagonjwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha Semax wala Selank kwa ugonjwa wowote. Neno «imetafitiwa» ni la kweli kwa dawa zote mbili. Neno «imethibitishwa» ni jingine kabisa, na wauzaji wengi huyachanganya.

Kuhusu ustahimilivu wa msongo, peptidi inayonivutia kuliko zote ni nyuropeptidi Y, yenye asidi amino 36, iliyotenganishwa kutoka ubongo wa nguruwe nchini Sweden mwaka 1982. Kazi yake mojawapo ni kuutuliza mlolongo ule ule wa hofu niliouelezea hapo juu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya damu za wanajeshi waliokuwa katika mafunzo makali ya kunusurika mikononi mwa adui huko Fort Bragg, ambako askari huhojiwa kwa ukali kana kwamba ametekwa. Waliotoka katika mahojiano hayo wakiwa na kiwango kikubwa cha nyuropeptidi Y ndio waliojimudu vizuri zaidi na kuchanganyikiwa kidogo. Matokeo hayo hayakuonyesha kwamba peptidi ndiyo iliyowapa uimara, maana huenda uimara wao ndio ulioitoa peptidi. Ili kulitenganisha jambo hilo ilibidi watu wapewe peptidi yenyewe, na mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya jaribio dogo ambamo wagonjwa wa athari za kiwewe, wasiozidi 30, walivuta puani dozi moja ya hadi miligramu 9.6. Waliivumilia vizuri, na nafuu ya wasiwasi ilielekea kuonekana zaidi katika dozi za juu. Ni hatua ya mwanzo tu, lakini ni hatua iliyopigwa kwa utaratibu unaostahili.

Cerebrolysin, mchanganyiko wa vipande vya protini za ubongo wa nguruwe unaotiwa kwa sindano, unatumika katika nchi kadhaa kwa wagonjwa wa kiharusi; majaribio yake yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, haukuonekana kupunguza vifo vya kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba.

Anayeagiza peptidi hizi mtandaoni hupokea kichupa chenye unga mweupe uliokaushwa kwa baridi, umekaa chini kama kipande cha chaki, na pembeni maandishi madogo yanayosema kwamba bidhaa ni ya utafiti wa maabara tu, si ya kutumiwa na binadamu. Maandishi hayo yana maana yake kamili: hakuna aliyewajibika kukagua kama unga ule ni salama kuingia mwilini. Cheti cha usafi wa asilimia 99 kinachoambatana nacho kwa kawaida hupima ni sehemu gani ya peptidi zilizomo ndiyo peptidi iliyotajwa, si sehemu ya unga wote. Hakisemi kama maji ya kuchanganyia ni safi, kama kichupa hakina vijidudu, wala kama yamo mabaki ya sumu za bakteria, ambayo kipimo chake ni kingine kabisa.