Je, wajua? Kinachomviringisha mdoli wa kroshia si pamba

Kwa miaka mingi niliamini, na kuwaeleza wengine bila hata kuulizwa, kwamba mdoli wa kufuma ni mfuko tu. Unafuma kitambaa, unakikunja, unashona pembeni, unashindilia pamba mpaka kivimbe, na hapo umepata kobe. Mgongo wa kobe umeumuka kwa sababu ileile inayouumua mto: umejazwa. Lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba halikuwahi kunijia kama swali.

Aliyenitoa tongotongo ni shangazi yangu, aliyefuma vitambaa vya makochi tangu sijazaliwa na ambaye siku hizi amehamia kwenye wanyama. Mezani pake palikuwa na kobe ambaye hajakamilika: gamba la kijani peke yake, halina tumbo, halina miguu, wala ndani hamna pamba hata ya kuzibia sikio. Limekaa kama bakuli lililofunikwa. Akalibonyeza kwa kiganja, likashuka; alipoondoa mkono likainuka lenyewe polepole. Kisha akaweka kando yake kipande cha tumbo. Uzi uleule, sindano ileile, mfumo uleule wa kitanzi. Hicho kimelala bapa kama chapati.

"Haya mwanangu," akasema, "nionyeshe pamba iko wapi hapo."

Pamba haikuwepo. Kilichotofautisha vipande vile viwili kilikuwa hesabu.

Kabla ya hesabu, maneno machache kuhusu vitu vyenyewe. Wanasesere wadogo wa namna hii wanajulikana duniani kwa jina la Kijapani, amigurumi, lililounganishwa kutokana na neno la kufuma na neno la mdoli aliyejazwa. Kroshia yenyewe imepata jina kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya ndoano ndogo, na maelekezo yake ya kwanza kuchapishwa yanayojulikana yalitoka kwenye jarida la Uholanzi katika miaka ya 1820. Utasikia pia kwamba ilianzia Uarabuni, au China, au Amerika ya Kusini, karne nyingi kabla ya hapo. Huenda, ila wanaosema hivyo hawajaonyesha kitambaa cha zamani cha kutosha kuthibitisha.

Sasa hesabu. Mdoli wa kroshia karibu wote huanzia katikati, kwenye kiduara kidogo kinachokazwa mpaka tundu lizibe, na katika mzunguko wa kwanza hubeba vitanzi 6. Mzunguko wa pili unakuwa na 12, wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30. Kuongeza maana yake ni kuingiza sindano mara mbili mahali pamoja, ili juu ya kitanzi kimoja vizaliwe viwili. Ukifuata mwendo huo wa sita-sita, unapata kipande bapa. Hilo ndilo tumbo la kobe.

Kwa nini sita? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, na kilichonisaidia ni kuwafikiria watoto uwanjani.

Chomeka kigingi chini. Chukua watoto sita, washikane mikono na kuivuta mpaka inyooke, wakizunguka kigingi. Tuseme kati ya mtoto na jirani yake kuna pima moja. Ukipima kutoka kwa mtoto yeyote hadi kigingini utakuta pia ni pima moja. Sita ndiyo idadi pekee inayoleta usawa huo. Wakiwa watano watakuwa wamekikaribia kigingi zaidi, wakiwa saba watakuwa mbali nacho zaidi.

Waambie sasa warudi nyuma pima moja. Mikono inaachana, kwa sababu duara limekua na watoto ni walewale. Unahitaji wangapi wa kuziba mapengo? Sita wengine, jumla 12. Warudi tena pima moja: sita wengine, jumla 18. Jambo la ajabu ni kwamba hesabu hii haichoki. Duara likiwa na watoto 600, kurudi nyuma pima moja bado kunadai watoto sita tu. Mimi ningebisha hata kwa kiapo kwamba duara kubwa linahitaji nyongeza kubwa. Sivyo. Ukifunga kamba kuizunguka dunia kwenye ikweta, ipite Nanyuki, ipite Mbandaka, irudi ilikoanzia, utatumia kilomita 40,000 hivi. Ukitaka kuinyanyua mita 1 kutoka ardhini kote inakopita, ongeza mita 6.28. Basi. Ni ile mara mbili ya 3.14 tuliyokaririshwa shuleni bila kuambiwa ina kazi gani.

Kitanzi kifupi cha kroshia, kile kinachotumika kwenye midoli, kina upana unaokaribiana na kimo chake. Kwa hiyo kila mzunguko mpya ni sawa na watoto kurudi nyuma pima moja, na kila mzunguko unadai vitanzi sita na kiasi. Hicho "kiasi", yaani ile 0.28, uzi unakimeza kwa kunyooka kidogo.

Mtoto wa mfumaji ataniuliza: mbona kitambaa cha kochi cha mama huanza na 12? Kwa sababu vitambaa vile hupenda kitanzi kirefu, ambacho kimo chake ni kama mara mbili ya upana. Mzunguko mmoja unawarudisha watoto pima mbili kwa mpigo, kwa hiyo nyongeza nayo ni maradufu. Shangazi anasema midoli yake ya mwanzo ilimtoka kama masahani yaliyojipinda kwa sababu mkono ulikuwa umezoea hesabu ya vitambaa.

Mpaka hapa tuna chapati tu. Gamba linatokea pale unapoidhulumu hesabu hiyo.

Turudi uwanjani, ila safari hii kigingi kiko juu ya kichuguu kikubwa cha mviringo. Watoto wanateremka pima moja, pima mbili, pima tatu kutoka kileleni. Wanatembea umbali uleule wa kwanza, lakini sehemu ya safari yao inakwenda chini badala ya kwenda nje. Duara lao halikui kama la uwanja tambarare. Watoto wachache wanatosha kulifunga. Wakifika kiunoni mwa kichuguu, hawahitaji hata mmoja wa kuongeza.

Kroshia inaisoma habari hiyo kinyumenyume. Watoto walipungua kwa sababu ardhi ilikuwa na mlima. Uzi hauna ardhi chini yake, kwa hiyo ukipunguza vitanzi, kitambaa kinalazimika kujitengenezea mlima.

Niliomba kuhesabu gamba la shangazi kwa ncha ya kalamu. Mizunguko saba: 6, 12, 18, 22, 26, 28, 30. Tumbo: 6, 12, 18, 24, 30. Ukingo wa vyote viwili una vitanzi 30, ndiyo maana vinashonwa pamoja bila ugomvi. Lakini kutoka katikati hadi ukingoni tumbo lina mizunguko mitano na gamba lina saba. Hiyo miwili ya ziada haina pa kwenda kwa ubapa, kwa sababu ukingo haukuongezewa nafasi. Inakwenda juu. Hicho ndicho kimo cha kobe, na kimefumwa ndani ya kitambaa kabla pamba haijatoka kwenye mfuko wake.

Kwa vile mimi ni mbishi, niliijaribu nadharia yangu ya mfuko ipasavyo. Nilikata vipande viwili vya duara kutoka kwenye kanga kuukuu, nikavishona pembeni, nikashindilia sufi. Kama pamba ndiyo inayoleta umbo, ningepata mpira. Nilipata andazi lililokaliwa: katikati limenona, ukingo umejikunja mikunjo pande zote. Nikaongeza sufi, mikunjo ikazidi. Kanga ina kiasi fulani cha nguo pale ukingoni na haiwezi kuongezeka wala kupungua kwa kushindiliwa. Ni shida ileile ya mtu anayetaka kulilaza ganda la chungwa mezani bila kulichana, ila imegeuzwa. Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati Mjerumani, aliithibitisha mwaka 1827: mpindo wa aina hii umo ndani ya uso wenyewe, na hata mdudu asiyeweza kutoka kwenye uso huo angeweza kuugundua kwa kupima tu marefu yaliyomo humo. Kwamba alifanya hivyo katika muongo uleule ambao akina mama wa Uholanzi walikuwa wakisoma maelekezo ya kroshia ni sadfa tupu, lakini naipenda.

Hata hivyo lazima niirudishie pamba haki yake, kwa sababu kosa langu halikuwa kosa asilimia mia. Mpangilio wa gamba la shangazi, wenye 22, 26 na 28, ni wa fundi aliyetaka umbo safi. Maelekezo mengi ya mpira yanayozunguka mtandaoni ni ya mkato: 6, 12, 18, 24, 30, kisha mizunguko mitano bila kuongeza kitu, kisha 24, 18, 12, 6. Ukiufuata bila kujaza, unachopata kwa kweli si mpira. Mizunguko mitano ya kwanza ni bapa, inayofuata ni ukuta wima. Ni kofia ya kufuma, juu tambarare, ubavuni wima, na chini yake umeiwekea kifuniko kingine. Hapo pamba ndiyo inayousukuma utosi wa kofia utoke nje na kuta zitune, na kwa kuwa kroshia hunyumbulika, macho yanakubali kwamba ni mpira. Hesabu imefanya kazi kubwa, pamba imepiga pasi. Ukizidisha pamba, vitanzi vinaachana na weupe wake unachungulia. Ndiyo maana wafumaji wa midoli huchukua sindano nyembamba kuliko inayopendekezwa kwenye kibandiko cha uzi.

Na tazama hesabu inavyokubaliana hata na mkato huo: kiunoni vitanzi 30, kutoka ncha hadi ncha mizunguko 14. Safari ya nusu ya kuzunguka mpira wa 30 ingekuwa 15. Kwa kitu kilichofumwa huku mtu anachunga mboga jikoni, si haba.

Tahadhari moja: sita si sheria ya Musa. Mkono unaokaza sana, uzi wenye manyoya, au sindano nene vinabadilisha kimo na upana wa kitanzi. Wapo wanaopata ubapa kwa saba, wapo wanaoupata kwa tano. Kipande kikijikunja kama bakuli wakati hukutaka, vitanzi havitoshi. Kikianza kupiga mawimbi ukingoni, vimezidi.

Hayo mawimbi nayo yana hadithi yake. Rudi kwa watoto, uwaongezee kumi na wawili badala ya sita kila wanaporudi nyuma. Hawatoshei. Mmoja anasukumwa mbele, mwingine nyuma, mwingine anapandishwa mabegani. Kitambaa hufanya hivyohivyo: kinapiga marinda, kama ukingo wa jani la saladi, ambao nao hupinda kwa sababu ukingo umekua kupita katikati. Wanahisabati walikuwa na jina la uso wa namna hiyo na milinganyo yake, lakini kuushika mkononi kulikuwa kazi, kwa sababu vielelezo vya karatasi vilikuwa vikichanika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliufuma kwa kroshia. Aliongeza vitanzi kwa uwiano uleule kila safu, na wanafunzi wakapata kitu cha kukunja na kukunjua. Ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaichukua mbinu hiyo na kuanzia 2005 wakaanza kufuma miamba mizima ya matumbawe, kwa kuwa matumbawe mengi yana marinda hayohayo.

Shangazi nilipomweleza habari za Cornell alisema kitambaa cha marinda anakijua, alikipata mara nyingi, na kila mara alikifumua.

Kobe wake sasa amekamilika na ananitazama ninapoandika. Ananitazama kidogo upande. Vitanzi vifupi vinavyofumwa kwa kuzunguka bila kugeuza kazi haviketi wima kimoja juu ya kingine; huegemea, kulia kwa anayefuma kwa mkono wa kulia na kushoto kwa wa mashoto. Ukihesabu moja kwa moja kutoka chini hadi juu ili uweke jicho, linahama kitanzi kimoja kila baada ya mizunguko michache. Shangazi aliweka mkia kwanza, akahesabu mpaka upande wa pili, akashona kichwa. Hesabu ilikuwa sawa. Kichwa kiko pembeni.