Kranberi haitibu UTI, na namba iliyo mbele ya kopo siyo unayoitafuta

Wiki haipiti bila swali lile lile: "Dokta, nimekunywa juisi ya kranberi siku tano, mbona mkojo bado unachoma?" Unachoma kwa sababu kranberi, tunda dogo jekundu la kigeni lenye uchachu, haitibu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kazi yake, pale inapofanya kazi, ni kuwazuia bakteria wasishike ukuta wa kibofu kabla ugonjwa haujaanza. Wakishashika na kuzaliana, juisi haiwatoi. Siku hizo tano zilikuwa za kupeleka mkojo maabara na kuanza antibaiotiki inayofaa. Ukizipoteza, bakteria wanaweza kupanda hadi kwenye figo, ukaanza kutetemeka kwa homa, kutapika na kuumwa ubavu. Hapo hospitali ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ninayemwandikia hapa ni mwanamke asiye mjamzito, mwenye figo nzima, ambaye UTI imemrudia mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka. Mjamzito, mwanaume, mtoto, mwenye mawe au mwenye mpira wa mkojo aanze kwa daktari. Duka la virutubisho linaweza kusubiri.

Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye E. koli, na anatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Tusilaumu sinki la choo kila mara. Anasogea kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu, kisha anajishikiza kwenye kibofu kwa vinyweleo vyake. Kranberi ina kemikali za asili ziitwazo proanthosayanidini, za aina A, na hizo ndizo zinazovuruga ushikaji huo. Aina B, iliyomo kwenye zabibu, chai ya kijani na kakao, haikuonyesha kazi hiyo mkojo ulipopimwa. Na tafadhali, rozela si kranberi. Wekundu wa rozela unatokana na anthosayanini, ambazo ni kitu kingine. Inywe kwa kiu, usiinywe kama kinga ya kibofu.

Sasa tuje kwenye kopo la vidonge vya kranberi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Mbele pameandikwa kwa herufi kubwa "500 mg", au hata "12,600 mg". Ya kwanza mara nyingi ni uzito wa unga au wa dondoo, yaani kiini kilichotolewa kwenye tunda. Ya pili ni makadirio ya matunda mabichi yaliyotumika. Hakuna hata moja inayokuambia umepata proanthosayanidini kiasi gani. Geuza kopo, soma maandishi madogo, tafuta neno PAC, kifupi cha proanthosayanidini. Kiasi kinachotumika sana ni miligramu 36 za PAC kwa siku. Kama wameandika asilimia tu, piga hesabu: dondoo ya miligramu 500 yenye PAC asilimia 7.2 inatoa miligramu 36 kamili. Dondoo hiyo hiyo ikiwa na asilimia 1.5 inatoa 7.5, kwa hiyo ungemeza vidonge vitano kila siku ili ufike, na kopo la vidonge 30 lingekwisha kwa siku sita. Kama neno PAC halipo kabisa, lirudishe kwenye rafu. Muuzaji akisema "ni original kutoka Marekani", hajajibu swali.

Hata namba ya PAC ina mashaka yake. Kipimo kinachotumika sana, DMAC, hupima proanthosayanidini kwa jumla bila kutenganisha A na B, kwa hiyo dondoo iliyochanganywa na zabibu inaweza kupita. Nayo hiyo miligramu 36 imetokana zaidi na kupima mkojo wa watu baada ya kumeza dondoo kuliko na majaribio yaliyoshindanisha dozi kwa wagonjwa. Naitumia kwa sababu ndiyo bora tuliyonayo. Na kwa kuwa nguvu yake kwenye mkojo hupungua ndani ya saa chache, naona ni busara kuigawa asubuhi na jioni.

Kuhusu juisi: nyingi za madukani ni mchanganyiko wenye kranberi karibu robo tu, kinachobaki ni maji na sukari. Mwenye kisukari asiiguse kwa jina la kinga.

Je, inasaidia kweli? Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, ya 2012 yalisema faida ni ndogo mno. Ya 2023, yenye tafiti 50 na watu karibu 8,900, yalibadilisha jibu: kwa wanawake ambao UTI huwarudia, hatari ilipungua kwa takribani asilimia 26. Soma vizuri, imepungua, haijaisha. Aliyekuwa akiugua mara nne kwa mwaka anaweza kuugua mara tatu. Kwa wajawazito, wazee wanaoishi kwenye nyumba za matunzo na watu ambao kibofu hakimwagi mkojo wote, faida haikuonekana.

D-manosi, sukari inayouzwa kama kinga ya UTI, nimeacha kuipendekeza. Utafiti wa 2014 wa wanawake 308 uliifanya ionekane ya ajabu, lakini haukuwa na dawa bandia ya kulinganisha, yaani kitu kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani. Mwaka 2024 ukachapishwa wa Uingereza, wanawake 598, gramu 2 kila siku kwa miezi 6, safari hii dawa bandia ikiwemo. Waliorudi kutafuta huduma kwa UTI walikuwa asilimia 51 kwa D-manosi na karibu 56 kwa dawa bandia, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Bei yake unaijua.

Maji yanaaminika zaidi, na kwa mtu anayekunywa kidogo ningeanza hapo kabla ya kopo lolote. Katika utafiti uliochapishwa 2018, wanawake 140 waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku waligawanywa, nusu wakaongeza lita 1.5 za maji. Kwa mwaka mzima walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Utafiti huo ulifadhiliwa na kampuni inayouza maji ya chupa, nalo ulijue. Lakini angalia waliochaguliwa: wanaokunywa kidogo. Kama tayari unamaliza lita 3, kujilazimisha hadi 5 hakuna ushahidi wowote. Wanaolengwa ni mwalimu, mama lishe na dada wa kibanda cha miamala, ambao hawanywi maji kwa makusudi kwa sababu choo cha karibu hakiingiliki. Chupa tatu za nusu lita, moja kwa kila mlo, na kukojoa kila baada ya saa 3 au 4. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza.

Mengine kwa haraka. Vitamini C: ushahidi ni hafifu, na gramu nyingi kila siku huongeza oksaleti kwenye mkojo, yaani njia ya mawe. Mtindi ni chakula kizuri, ila bakteria wake si wale wanaolinda uke. Magadi ya kuokea, hapana: kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, na mkojo ukipoteza asidi, nitrofurantoini, antibaiotiki ya UTI uliyopewa, hupungua nguvu. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze kranberi bila kumwambia daktari wake.

Na kabla ya yote, hakikisha ni UTI. "UTI sugu" nyingi hazikuwahi kuoteshwa maabara, yaani bakteria wa mkojo kukuzwa ili watambuliwe. Mkojo ulichukuliwa vibaya, ukakaa saa nne kwenye joto, darubini ikaona "wadudu", mtu akachomwa sindano. Acha mkojo wa mwanzo upite, chukua wa katikati kwenye chupa, ufike maabara ndani ya saa 2, na uombe kuoteshwa. Bakteria wakionekana bila dalili zozote, kwa mwanamke asiye mjamzito kwa kawaida hatutibu. Damu inayorudi kwenye mkojo wa mtu wa Pwani, Unguja, Pemba au Kanda ya Ziwa inaweza kuwa kichocho, kinachotaka prazikwanteli. Na mama aliyekoma hedhi atasaidiwa zaidi na krimu ya estrojeni ya ukeni kuliko kranberi.

Ukiamua kujaribu kranberi, jipe miezi 6 na uandike tarehe ya kila tukio lililothibitishwa kwa kuotesha. Mengine mawili yakitokea ndani ya muda huo, acha kununua kopo na umuulize daktari kuhusu methenamini, dawa ya kuzuia UTI isiyo antibaiotiki.