Saizi ya fremu ya baiskeli ya umeme ya mlimani: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Wiki hii nimeulizwa mara mbili, "kaka mi nina sentimita 170, nichukue M au L?" na nimeona nijibu kwa kirefu maana hii sio baiskeli ya laki mbili ambayo ikikukataa unamwachia jirani. Yenye mota na betri ya maana inazidi bei ya pikipiki mpya, wengi huku Tanzania tunaagiza Ulaya au tunanunua kwa mtu anayeondoka, na ukipata saizi mbovu kuirudisha ni kazi kwelikweli. Betri zake ni wati-saa (Wh, kipimo cha umeme betri inaoubeba) 500 mpaka 800 hivi, na kwenye ndege ya abiria hata ndugu yako akitaka kukubebea betri inayozidi Wh 160 hairuhusiwi. Kwahiyo saizi iwe sawa kabla hela haijatoka.

Kosa la kwanza ndio hilo la kwenye swali, kwamba urefu wako unatosha kuchagua fremu. Hautoshi. Chukua watu wawili wa sentimita 172, mmoja ni miguu tu mwingine kiwiliwili kirefu na mikono mirefu, hawawezi kuendesha baiskeli moja wakaisikia sawa. Pima miguu: vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, kivute juu mpaka kikuguse kama siti inavyokugusa, alafu pima kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Zidisha kwa 0.883, unapata takriban umbali kutoka katikati ya krenki (pale mikono ya pedeli inapozungukia) mpaka juu ya siti, hii hesabu ilienezwa na Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, na mlimani wengi tunashusha kidogo chini ya hapo.

Lakini miguu ndio sehemu rahisi, siti inapanda na kushuka. Kisichobadilika ni urefu wa fremu kwenda mbele, kwenye majedwali wanaita richi, yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa katikati ya krenki mpaka juu ya lile bomba fupi la mbele linalobeba usukani. Hiyo ndio namba naisoma kabla ya zote. Baiskeli nyingi za sasa za saizi M zina richi ya milimita 450 hivi, L inafika 475 au 480. Utasema sentimita mbili na nusu ni nini, ila mlimani unateremka umesimama juu ya pedeli, na hapo huwezi kudanganya, ukiwa umenyooka mikono kuufikia usukani gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kwenye kona linateleza.

"Ikiwa ndefu nitasogeza siti mbele." Hapana ndugu yangu. Siti inasogea sentimita chache tu, ukiisogeza unahamisha na goti lako kutoka pale linapotakiwa kuwa juu ya pedeli, na ukisimama siti haina msaada wowote. Kufupisha ile shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani, nako hakuna pa kufupisha, hizi baiskeli zinakuja tayari na shingo ya milimita 35 mpaka 50.

Alafu kuna hili la kuzijaribu uani. Bomba la siti siku hizi limesimama sana, nyuzi 76 mpaka 78, ili ukipanda mlima usiangukie nyuma, sasa mtu anakaa kwenye siti pale kwenye sakafu tambarare anaona usukani uko karibu anasema hii fupi nipe kubwa. Simama kwenye pedeli kwanza ndio uongee.

Nyingine nimeisikia tangu utoto, kwamba saizi yako ni ile ambayo ukikaa kwenye siti nyayo zote zinakanyaga chini. Fanya hesabu, mtu wa mguu wa sentimita 80 siti yake inatakiwa kuwa kama sentimita 70 juu ya krenki, na krenki yenyewe iko kama 34 au 35 kutoka ardhini, jumla inapita mita moja. Nyayo zitakanyaga vipi? Ukishusha siti mpaka zikanyage, magoti yanakunjwa vibaya, na kwa mizunguko 80 kwa dakika kila goti linakunjwa mara 4,800 kwa saa. Mota haikuondolei hilo, inasaidia ukizungusha. Cha kupima ni ukisimama chini ukiwa umelipitisha bomba la juu katikati ya miguu, ibaki nafasi ya kutosha, sentimita 5 na kuendelea, na siti iwe ile ya kushuka kwa kitufe.

Sasa niseme linaloniuma. Watu wanasema mota ina nguvu kwahiyo fremu ikizidi kidogo sio ishu, na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa, kama sare ya shule ya mtoto, atakulia. Hizi baiskeli nyingi ni kilo 20 mpaka 25. Mi nilichukua L kwa mtu aliyeniambia hivyohivyo, nina sentimita 171, nikasimama ghafla kwenye mteremko wa Lushoto, nikaweka mguu upande wa bondeni, ardhi ikawa mbali kuliko nilivyodhani, na kilo 23 zikanilalia. Kifundo cha mguu kilichukua miezi miwili. Baiskeli ya kawaida ya kilo 13 ningeishika. Kwahiyo kwa njia zetu nyembamba zenye kona kali mi nasema ukiwa katikati chukua ndogo, isipokuwa una mikono mirefu au unapenda miteremko ya wazi ya kasi, hapo ndefu inatulia zaidi.

Na M ya kampuni moja sio M ya nyingine. Kampuni ya Specialized kwenye baiskeli yao ya Turbo Levo wameacha hizo herufi wanaandika S2, S3, S4, wanakwambia uchague kwa namna unavyoendesha, mtu mmoja anaweza kufaa kwenye mbili. Inchi 17 au 19 za zamani zilikuwa urefu wa bomba la siti tu. Gurudumu la inchi 29 nalo sio saizi ya fremu, na mwanamke hahitaji fremu ya kike kama vipimo vimekubali, ingawa kampuni ya Liv wanazitengeneza.

Ukinunua mbali muombe muuzaji jina kamili la modeli na mwaka, tafuta jedwali lake, uliza pia betri, maana kuna modeli ambazo fremu ndogo kabisa inakuja na betri ndogo kuliko wenzake. Akikujibu "hii inamfaa yeyote", mwambie akupimie richi na urefu wa bomba la siti akutumie picha futi ikiwa juu ya fremu.