Meza ya kunyanyulia pikipiki: tazama loki na pini kabla ya kuuliza kilo

Wenye pikipiki wa Tanga wanaojifungulia injini wenyewe uani huanza na swali moja: meza ya kilo ngapi inatosha? Boxer, TVS au Haojue ya CC 125 au 150 ikiwa na mafuta haifiki kilo 140. Zile kubwa za safari, za CC 1,200, huwa kwenye kilo 240 hadi 270. Meza nyingi za dukani zimeandikwa kilo 450. Kwa hiyo uzito sio unaokukwamisha. Meza ya bei nafuu hukuangusha kwenye loki, kwenye pini, kwenye urefu, na kwenye sakafu uliyoiweka, na muuzaji mara nyingi hataji hata kimoja kati ya hivyo.

Kwanza lakini, una haja nayo? Kama kazi yako ni kumwaga oili, kukaza cheni, kubadilisha plagi na viatu vya breki, stendi ya kati iliyokuja na pikipiki pamoja na kigoda vinakutosha. Meza inalipa pale unaposhusha klachi, unapoweka valvu sawa, unapotoa tairi la nyuma mara kwa mara, au mgongo umeshaanza kukudai.

Dukani utaonyeshwa pia jeki ndogo ya mkasi, ya kuzungusha kwa spana, inayokaa chini ya injini. Bei yake inavutia. Inafaa pikipiki yenye fremu inayopita chini ya injini, mabomba mawili sambamba. Nyingi za hizi zetu za bodaboda, chini pale ni injini yenyewe na kile chuma cha kukanyagia miguu. Ukiibana jeki pale, uzito wote unakaa kwenye alumini, pengine juu ya nati ya kumwagia oili, na alumini haipindi kwanza ikakuonya: inapasuka. Iache. Meza za umeme na za upepo ni nzuri, ila ya upepo inataka kompresa ya baa 6 hadi 8, na ya umeme, umeme ukikatika pikipiki ikiwa juu, huenda ukakaa nayo hapo. Kwa gereji ya nyumbani nabaki na mbili tu: meza ya mkasi yenye haidroliki ya kukanyaga kwa mguu, au meza isiyosogea ya kuchomelewa na fundi wa mtaani.

Tuanze na ya haidroliki. Loki ni kile chuma kinachozuia mkasi usishuke hata oili yote ikimwagika sakafuni. Kuna loki ya meno inayojishika yenyewe meza ikipanda, ukitaka kushusha unaivuta kwa mpini. Na kuna loki ya nondo, unayoipitisha kwenye matundu ya fremu ya chini ili roli za mkasi zikirudi zigonge hapo. Kwenye meza za bei ya chini mimi nachagua ya nondo. Haina springi ya kuchoka wala jino la kulika, na ukiinama unaona kama ipo au haipo. Ubaya wake ni kwamba nondo hupotea, halafu mtu anachomeka chochote kilicho karibu. Nondo ikipotea, kata nyingine ya unene uleule. Kama tundu ni la milimita 20, nondo ya 12 itapinda.

Kwa vyovyote, haidroliki ni ya kupandishia tu. Ukishapandisha na kuweka loki, fungua valvu ya kushushia kidogo mpaka mkasi ukae kabisa juu ya loki, ndipo ufunge. Watu wengi huweka loki lakini huacha uzito kwenye silinda, kisha sili ikilegea saa moja baadaye meza inashuka kwa kishindo sentimita mbili tatu hadi kwenye loki, na pikipiki iliyotolewa tairi haivumilii kishindo hicho.

Pini sasa, yaani zile zinazounganisha miguu ya mkasi na silinda. Mkasi ukiwa umelala, silinda inasukuma karibu sambamba na sakafu, hivyo nguvu yake nyingi inaishia kuzikandamiza pini badala ya kunyanyua. Ndiyo maana sentimita za kwanza huwa nzito mguuni kuliko zote, na ndizo zinazoifichua meza dhaifu. Lala chini uchungulie. Pini nzuri ni chuma kinene, milimita 16 na kuendelea, kilicho laini sehemu yote inayobeba, kikiwa ndani ya bushi yenye nipo ya grisi. Pini mbaya ni bolti iliyo na nyuzi mpaka ndani ya tundu. Nyuzi zinakula chuma kama msumeno, tundu linakuwa yai, na baada ya muda meza inayumba kushoto kulia. Meza ikiwa na kasoro hiyo tu, nunua lakini dai punguzo, kisha badilisha bolti zote kwa zenye shingo laini, kichwani zimeandikwa 8.8, na nati za plastiki ndani zisizolegea. Weld ya silinda ikiwa na ufa au imetobokatoboka, hiyo usiichukue hata kwa bure.

Bati la juu lipime unene kwa venia pembeni. Milimita 3 ni sawa. La milimita 2 halikatazwi, ila miguu ya stendi ya kati itachimba mashimo. Utalazimika kuweka ubao mgumu wa inchi moja chini ya stendi. Urefu wa meza uwe mita 2 au zaidi, upana sentimita 55 hadi 70. Bodaboda ina kama mita 1.3 kutoka kitovu cha tairi la mbele hadi la nyuma, lakini unahitaji nafasi ya klempu ya kubana tairi mbele, na nyuma kuwe na kipande cha bati kinachofunguka ili tairi la nyuma lishukie hapo. Meza isiyo na kipande hicho itakulazimisha kuiinua pikipiki juu ya meza, kitu ambacho ndicho ulichokuwa unakimbia.

Muuzaji akikubali, ijaribu kwa mifuko ya simenti. Panga mifuko mitano ya kilo 50, jumla kilo 250, pandisha mpaka katikati, chora alama ya chaki kwenye mguu wa mkasi, ukanywe kahawa. Ukirudi baada ya saa moja na alama imeshuka milimita mbili tatu, hilo linavumilika. Ikishuka sentimita, valvu ina uchafu au sili imekwisha. Halafu pandisha mpaka juu, weka loki, sukuma bati kwa ubavu kwa mkono mmoja. Kuyumba kidogo kupo kwenye meza zote. Ukisikia chuma kikigonga chuma, hizo ni pini.

Pikipiki yako ikiwa moja na ya CC 150, maoni yangu ni kwamba meza isiyosogea inakufaa zaidi ya haidroliki ya bei ya kutupa. Haina sili, haina oili, haishuki. Kosa lake ni kwamba inakula nafasi na lazima pikipiki ipande kwa ngazi. Vipimo ninavyovipendekeza ni urefu mita 2.1, upana sentimita 60, kimo sentimita 55, kimo cha kufanyia kazi ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Nunua skwea paipu tatu za 50 kwa 50, unene usipungue milimita 2, za 1.2 ni za madirisha. Unahitaji vipande vinne vya mita 2.1 (viwili juu, viwili chini) na kumi na nne vya sentimita 50: vitano vya kukatiza juu, vitatu vya kukatiza chini, sita vya miguu. Kwenye paipu ya kwanza kata viwili virefu na vitatu vifupi, ya pili vivyo hivyo, ya tatu vifupi nane. Itabaki karibu mita 2 ya kutengenezea klempu. Juu weka bati la cheka la milimita 3. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa meza yenyewe na vipande viwili vya upana wa sentimita 30 vyenye urefu wa mita 2.4, kimoja ngazi ya pikipiki, kingine ngazi yako wewe unayeisukuma. Hiyo ya pili watu huiona anasa mpaka siku wanayofika juu na pikipiki huku miguu yao ingali chini, mikono imenyooka, na breki ya mbele haifikiki.

Chini ya kila ngazi weka engo ya 40 kwa 40, milimita 4. Engo moja ya mita 6 inatosha ngazi moja, mbavu mbili na vikatizo. Kwa pikipiki ya kilo 250 panda hadi 50 kwa 50, milimita 5. Urefu huo wa mita 2.4 usiupunguze. Ukikata ngazi kuwa mita 1.5 ili ikae vizuri uani, mwinuko unakaribia nyuzi 22, na kuisukuma Boxer pale ni kama kunyanyua kilo 50 huku unatembea. Kwa mita 2.4 ni kama kilo 30. Jingine ni kuifunga ngazi. Tairi la nyuma likigusa ngazi linaisukuma nyuma, ngazi inachomoka, na pikipiki inakaa juu ya meza kwa tumbo. Chomelea vipande viwili vya nondo ya 16 chini ya ncha ya ngazi, viingie kwenye matundu ya ukingo wa meza. Kulabu fupi ya kuning'inia tu haitoshi.

Sakafu za uani za nyumba zetu za Ngamiani zimeinamishwa makusudi kuelekea kwenye mfereji wa maji, na nyingi ni plasta ya simenti juu ya udongo. Meza ya mkasi ina magurudumu madogo ya chuma, na uzito wote unakaa kwenye nukta nne. Plasta inapasuka, fremu inajipinda, mkasi unabana upande mmoja. Mwaga zege la mita 2.5 kwa 1.2, unene sentimita 10. Mifuko miwili ya simenti, ndoo saba za mchanga na ndoo kumi na nne za kokoto, ndoo za lita 20. Liweke sawa kwa pimamaji na ulimwagie maji kwa siku saba kabla ya kuliwekea mzigo. Mchanga usiwe wa pwani. Chumvi yake itamaliza bolti utakazozipigilia humo.

Kufunga pikipiki ndiko kunakosahaulika. Klempu ya mbele ibane tairi, isibane rimu, na taya zake zifunguke kutoka sentimita 6 hadi 14, hapo umezipata karibu pikipiki zote. Kisha mikanda miwili ya racheti kutoka kwenye klempu ya chini ya foko, kile chuma kinachoshika foko zote mbili juu ya tairi, kwenda pembe za mbele za meza, ukaze mpaka shokamzoba za mbele zishuke sentimita 3 hivi. Usifunge kwenye usukani, utapinda au mkanda utateleza kwenye mpira. Sasa angalia nati ya ekseli ya nyuma, hasa iliyoshikwa na kutu. Ukiwa kwenye stendi ya kati na ukavuta spana ndefu kwa namna inayoipeleka pikipiki mbele, stendi inajikunja. Chini sakafuni ni aibu ndogo. Kwenye kimo cha sentimita 80 ni mguu. Legeza nati hiyo kabla hujapandisha meza, na uikaze kwa mwisho ukishashusha. Ikibidi kuilegeza juu, geuza spana ili uwe unakandamiza kuelekea chini.

Kilichobaki ni oili na chumvi. Oili iwe ya haidroliki namba 32. Kwa joto la hapa hata 46 haina neno. Mafuta ya breki marufuku, yanavimbisha na kulainisha sili za mpira za jeki, na hautajua mpaka ziachie. Ijaze meza ikiwa chini kabisa. Ukijaza ikiwa juu, oili haitakuwa na pa kurudi ukishusha, itafurika. Meza ikikataa kupanda, fungua valvu ya kushushia, kanyaga mara kumi hadi kumi na tano ili hewa itoke, funga, jaribu tena. Ikipanda na kuzama polepole, mwaga oili, safisha, weka mpya kabla hujanunua sili, maana mara nyingi ni kipande cha uchafu kilichokaa chini ya gololi ya valvu. Ikigoma kushuka bila mzigo, ni roli zimekauka au njia yake ina mchanga. Kwenye meza nyepesi ni kawaida, grisi inaiponya.

Kwa wakazi wa Raskazone, Sahare na popote upepo wa bahari unapofika: kinachoua meza kwanza ni ile fimbo inayong'aa ya silinda. Chumvi inaitoboa vidoti vidogo, kila kidoti kinakwangua sili kila unapokanyaga, na fundi atabadilisha sili mara mbili tatu kabla ya kugundua kuwa fimbo ndiyo mbovu. Iache meza chini kila ukimaliza kazi, fimbo iwe imeingia ndani. Kila wiki ipanguse kwa kitambaa chenye oili. Ukitaka kuimaliza kazi hiyo, kata kipande cha tyubu kuukuu ya pikipiki, kivishe kwenye fimbo na kifunge ncha zote mbili kwa klipu, na kiwe kirefu cha kutosha kukunjamana meza ikishuka. Pini zipige grisi kila mwezi wakati wa kusi.