Funeral doom si wimbo wa msibani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye matanga hapa Tabora, mtaa wa Isevya. Kijana aliyeshika spika akaweka wimbo wa kwaya, wa taratibu, kinanda na sauti za akina mama, kisha akamwambia mwenzake kwa kujiamini: "Hii ndiyo inaitwa funeral doom." Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa. Lakini hata kibanda ninachoingizia nyimbo kwenye simu, kando ya soko, kina folda iliyoandikwa "Muziki wa mazishi", na humo kwaya za maombolezo, kaswida na bendi mbili za Finland zimelala pamoja. Mwenye kibanda alitafsiri neno kwa neno, akaamini amemaliza.

Funeral doom ni tawi la muziki wa metali, yaani roki nzito ya magitaa. Nyuzi za gitaa hulegezwa mpaka sauti inazama, mapigo mara nyingi hushuka chini ya 60 kwa dakika (singeli hupita 200), nyuma hulia kinanda kama cha kanisani, mwimbaji hunguruma kutoka kifuani, na wimbo mmoja huweza kupita dakika kumi. Ulianzia Finland mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa bendi kama Thergothon ya Kokkola na Skepticism ya Riihimäki. Maana ndiyo hiyo. Tatizo liko kwenye majina.

Tuanze na "doom", ambalo wengi hulifanya "maangamizi". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "dom", maana yake hukumu: neno la hakimu, sheria iliyokwisha kutamkwa. Siku ambayo Waingereza huiita kwa neno hilo, siye tunaiita Siku ya Hukumu, au Kiyama. Na hata Kiyama kwa asili si kuangamia. Ni kusimama, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "kaimu", anayesimama mahali pa mwingine. Kwa hiyo uzito wa muziki huu si wa nyumba inayobomoka. Ni uzito wa mtu aliyekwisha kusomewa hukumu na sasa anakaa nayo. Mama yake, doom metal, hufuatiliwa hadi kwa Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, na albamu yao ya kwanza ya 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Baadaye alilegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikawa nzito.

Sasa "funeral", linaloniudhi zaidi. Kosa linaanzia kwenye "wa" yetu, ambayo hubeba mambo mengi. Nguo za harusi ni nguo za kuvaliwa harusini. Lakini mwendo wa kinyonga hauhitaji kinyonga awepo, unaeleza namna tu. Mtu akisikia "muziki wa mazishi" hulielewa kama nguo za harusi, kumbe lilipaswa kueleweka kama mwendo wa kinyonga. Hakuna anayepiga muziki huu makaburini. Neno hilo linataja mwendo.

Tena si mwendo wa mazishi yote. Hapa Tabora, kama Ujiji, jeneza la Muislamu huharakishwa. Tumeagizwa hivyo, na wanaume hupokezana mabega karibu mbio. Ukimwambia mzee wa Gongoni kwamba muziki fulani unakwenda kama jeneza, atatarajia kitu chepesi. Mwendo uliokusudiwa ni ule wa maandamano ya kanisani Ulaya, au ule ambao gwaride letu huuita mwendo wa pole: mguu unaning'inia hewani kabla ya kugusa ardhi, na anayetazama anahisi muda umegoma. Skepticism hupanda jukwaani wamevaa suti rasmi, na muziki wao unatembea hivyohivyo.

Mtu anaweza kunijibu kwa kuwataja Bell Witch, bendi ya funeral doom ya Seattle, Marekani. Mpiga ngoma wao wa zamani, Adrian Guerra, alifariki 2016, na mwaka uliofuata bendi ikatoa wimbo mmoja wa dakika 83, gitaa la besi na ngoma bila gitaa la kawaida, na sauti ya marehemu imo. Huo ni msiba wa kweli na unasikika. Lakini ulitengenezwa ili mtu ausikilize peke yake na amalize dakika zote. Wimbo wa msibani huimbwa na wengi ili mfiwa asibaki peke yake, na kwangu hapo ndipo njia zinapoachana kabisa.

Neno "andagraundi", ambalo muziki huu huitwa pia, nalo linapotoshwa. Kwetu andagraundi ni chipukizi, hajatoka bado, anasubiri wimbo wake uchezwe redioni. Kwa bendi za funeral doom, chini ndiyo nyumbani. Thergothon walikuwa wamekwisha kuvunjika albamu yao pekee ilipotoka 1994, na bendi nyingi zilizofuata zikajifunza kutoka kwayo. Esoteric wa Birmingham wapo tangu 1992, Mournful Congregation wa Adelaide, Australia, tangu 1993. Mtu aliyekaa mahali miaka thelathini kwa hiari yake haitwi chipukizi.

Juzi nilipita kwenye kile kibanda. Nilimwomba kijana folda ya kwaya aiite "Nyimbo za msibani", kaswida azipe folda yake, na zile bendi mbili aziandikie "Muziki wa kimazishi", kama tunavyosema mtu anatembea kiaskari ilhali si askari.

"Ni hiyo 'ki' tu, mjomba?"

Nikamwambia ni hiyo tu, akaanza kuandika.