Kisima si kituo cha mafuta

"Mafuta tunayo ardhini, tuchimbe ya kwetu, tuache kumtegemea mtu." Nimekutana na maneno hayo mara nyingi mno, na safari hii nayajibu yote kwa mkupuo. Wanaoyasema wanaipenda nchi yao, na hilo silaumu. Kinachoniudhi ni hesabu inayoruka kutoka kwenye mwamba na kutua kwenye tangi la gari, kana kwamba katikati hapana kitu. Kazi yote imo humo katikati.

Tuanze na nchi inayozalisha kuliko zote. Mwaka 2023 Marekani ilitoa wastani wa mapipa milioni 12.9 ya mafuta ghafi kwa siku. Mwaka huo huo iliagiza kutoka nje karibu mapipa milioni 6.5 ya ghafi kwa siku, mengi yakitoka Kanada, na ikauza nje karibu milioni 4. Mtu akiziona takwimu hizo huuliza mbona hizo milioni 4 zisizuiwe zikabaki nyumbani. Swali ni halali, na jibu limo ndani ya pipa.

Mafuta ghafi si kitu kimoja. Ghafi ya miamba ya shale ya Texas kwa kawaida hufikia digrii 40 za API (kipimo cha wepesi: namba ikipanda, mafuta ni mepesi zaidi) au zaidi, na salfa yake haifiki nusu asilimia. Ghafi nzito ya Alberta, Kanada, inayouzwa kwa jina la Western Canadian Select ina digrii kama 21, na salfa zaidi ya asilimia 3. Viwanda vingi vya kusafishia mafuta kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico vilitumia mabilioni ya dola kujenga koka, yaani mitambo ya kuvunja masalia mazito yanayobaki ghafi ikishachemshwa, wakati ambapo wengi katika fani yetu ya mafuta waliamini kuwa ghafi nyepesi inaelekea kwisha. Kisha ghafi nyepesi ya shale ikaja.

Sasa ingiza ghafi nyepesi tupu kwenye kiwanda cha namna hiyo. Tanuri linaipasha hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, halafu inaingia kwenye mnara wa kwanza, ambamo nyepesi hupanda na nzito hubaki chini. Nafta (sehemu nyepesi inayotengenezewa petroli) na gesi zinapanda kwa wingi kuliko trei za juu zinavyoweza kubeba. Kondensa za kileleni, zinazopoza mvuke uwe kimiminika, zinalemewa, shinikizo la mnara linapanda, na mwendeshaji hana la kufanya ila kupunguza ghafi inayoingia. Huku chini masalia ni machache, kwa hiyo koka na mnara wa ombwe, unaochemsha masalia kwa shinikizo dogo, mitambo iliyomeza fedha nyingi, inabaki nusu tupu. Umenunua ghafi bora, umetoa mafuta machache.

"Basi changanyeni." Tunachanganya kila siku, na hapo ndipo penye ugumu usiosemwa. Ghafi ya shale ina parafini nyingi, nazo si mafuta ya taa bali aina ya molekuli zilizomo ndani ya ghafi. Ghafi nzito hubeba asfaltini, molekuli kubwa nzito zinazofanana na lami, ambazo hukaa zimetawanyika kwa sababu molekuli nyingine zilizomo, resini na aromatiki, zinazishikilia. Ukizidisha parafini, mshiko huo unaachia: asfaltini zinadondoka na kuwa tope jeusi linaloganda kwenye vibadilisha joto vilivyo kabla ya tanuri. Ghafi inafika tanurini ikiwa na joto pungufu, tanuri linachoma zaidi kufidia, hadi linagota kwenye kikomo chake. Kuanzia hapo unapunguza uzalishaji, au unasimama ufungue mabomba na kuyasafisha. Ghafi mbili ambazo kila moja imetulia peke yake zinaweza kugombana zikikutana, na uwiano wa sabini kwa thelathini ukakubali pale ambapo nusu kwa nusu inakataa. Ndiyo maana mchanganyiko hujaribiwa maabara kabla valvu yoyote haijafunguliwa.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ghafi nzito yenye salfa ikiingia kwenye kiwanda kilichojengwa kwa nyepesi, masalia hayana pa kwenda, salfa inakula chuma cha kawaida kwenye sehemu zenye joto kali, na metali za nikeli na vanadi zinaua kichocheo cha mtambo wa kuvunja molekuli.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Nigeria. Ilikuwa na viwanda vinne vya serikali, viwili Port Harcourt, kimoja Warri na kimoja Kaduna, vyenye uwezo wa mapipa 445,000 kwa siku kwenye karatasi. Hata hivyo kwa miaka mingi nchi hiyo iliyojaa ghafi iliagiza karibu petroli yake yote. Uchakavu na usimamizi ndivyo vinavyotajwa kwanza, na ni kweli. Lakini tazama Kaduna: sehemu yake moja ilijengwa mahususi kusafisha ghafi nzito ya kuagizwa, kwa ajili ya vilainishi na lami, kwa kuwa ghafi ya nyumbani ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Kiwanda binafsi cha Dangote nchini humo, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilianza kuzalisha mwaka 2024, nacho kimekuwa kikinunua sehemu ya ghafi yake Marekani. Kusafisha mafuta ni kutafuta pipa linalokifaa kiwanda chako siku hiyo kwa bei hiyo, hata kama limetoka ng'ambo ya bahari.

Bei nitaipitia haraka. Pipa la nyumbani huuzwa kwa bei ya dunia, kwa sababu mwenye nalo anaweza kuliuza popote. Marekani imekuwa ikiuza nje mafuta, ghafi na bidhaa kwa pamoja, kuliko inavyoagiza tangu 2020. Hata hivyo, Juni 2022 wastani wa bei ya petroli huko ulivuka dola 5 kwa galoni. Ukipiga marufuku kuuza ghafi nje, kama walivyofanya kuanzia 1975 hadi Desemba 2015, ghafi inashuka bei nyumbani huku petroli na dizeli zikiendelea kuuzwa nje kwa bei ya dunia. Kwa maoni yangu tofauti hiyo humwendea mwenye kiwanda, si mwenye gari.

Kuna pia suala la pipa ni la nani. Chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji kati ya serikali na mwekezaji, sehemu kubwa ya mapipa ya mwanzo hulipia gharama za mwekezaji, na ndipo yanayobaki yanagawanywa. Na visima huchoka: kisima cha shale kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wake ndani ya mwaka wa kwanza. Uingereza ilifika kilele cha uzalishaji mwaka 1999, na kufikia 2004 ilikuwa imerudi kuagiza nishati kuliko inavyouza. Indonesia ilisimamisha uanachama wake wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, baada ya kugeuka mwagizaji.

Hapa lazima niseme palipo na ufa katika hoja yangu. Wengi wa fani yetu walishikilia kuwa Marekani haitavuka tena kilele chake cha mwaka 1970, na ilikivuka mwaka 2018. Nayapokea makadirio ya kupungua kwa uangalifu tangu hapo, yakiwemo yangu. Pia hoja ya bei hulegea kwa nchi isiyo na bandari. Huko usafiri ni sehemu kubwa ya gharama, na kiwanda kidogo cha karibu, kama kile cha mapipa 60,000 kwa siku kinachopangwa Hoima, Uganda, kinaweza kuokoa safari ya mamia ya kilomita hata kama kila pipa linasafishwa kwa gharama ya juu kuliko kwenye kiwanda kikubwa. Napiga hesabu hiyo mara kwa mara, na matokeo hubadilika kila nikigusa bei ya usafiri.

Lakini muda mrefu kutoka ugunduzi hadi uzalishaji haubadiliki. Uganda ilithibitisha kuwa na mafuta ya kibiashara mwaka 2006. Visima vya uzalishaji vya Kingfisher, mojawapo ya maeneo yake ya mafuta, vilianza kuchimbwa Januari 2023. Usambazaji ukikatika mwezi ujao, kitakachokuvusha ni matangi yaliyojaa. Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati zinatakiwa kuwa na akiba inayotosha siku 90 za mafuta zinayoagiza, baada ya kutoa yale zinayouza nje.

Kwa hiyo mtu akiahidi kujitegemea kwa kuchimba, mwombe kwanza karatasi ya uchunguzi wa ghafi: digrii za API, salfa, asidi, metali, mavuno ya nafta na dizeli, na joto ambalo mafuta yanaganda. Hilo la mwisho lisipuuzwe. Ghafi ya Uganda ina nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga limesanifiwa kupashwa moto njia nzima. Muulize umeme wa kulipasha unatoka wapi, na gharama yake imeandikwa kwenye fungu la nani katika mkataba.